Kananelo Alipoukalia Mpira

Ilipofika dakika ya themanini na tano Masedi walikuwa mbele kwa bao moja, na uwanjani Letlotlong watu walishaanza kuzungumzia mambo mengine. Si kwamba mpira ulikuwa mzuri. Bao lenyewe liliingia kwa bega la beki wa wageni, baada ya krosi ya hovyo, lakini kwenye ubao wa matokeo bao halina sura. Ushindi ule ungewabakiza Masedi nafasi ya tatu, na wa tatu anaingia mechi za mchujo za kupanda Ligi Kuu. Wa nne haingii popote. Na msimu huu kuwa wa nne kulikuwa na balaa la ziada, maana mwenye timu alishatangaza kwamba akikosa mchujo, anaiuza nafasi yake ya ligi kwa tajiri mmoja wa pwani. Kule timu inauzika kama ng'ombe. Unalala nayo, unaamka imehamia mji mwingine, ina jina jingine na jezi za rangi nyingine. Majirani wa ng'ambo ya reli walishafanyiwa hivyo, na sasa mbuzi wanalala golini.

Nthatisi, ambaye wengi walimwita ausi, yaani dada, alikuwa amekaa ngazi ya tatu, upande wa jua, mahali pake kwa miaka kumi na moja. Siku za kazi alishona mashati ya wanafunzi. Jumapili aliimba kwaya. Jumamosi ndiye aliyeanzisha nyimbo za tawi la mashabiki. Cheo hicho hakupewa na mtu. Ni kwamba akifungua kinywa, watu elfu mbili wanafuata, na asipofungua wanakaa tu wanakula karanga.

Kananelo akapokea mpira pembeni, karibu na kibendera cha kona, pale chini yao kabisa. Alikuwa winga mwembamba, kijana wa mtaa wa nyuma ya kanisa, miguu kama haina mifupa. Kipindi hicho cha pili alishapiga tobo mbili katikati ya miguu ya mabeki na kanzu moja juu ya kichwa cha mmoja wao, na watu walikuwa wanangoja kilichobaki. Letlotlong bao linasahaulika. Anayekumbukwa ni yule aliyeukalia mpira. Watakutajia mwaka, mwezi, na jina la beki aliyesimama mbele yake ameduwaa. Ukiuliza mechi iliisha ngapi kwa ngapi, wanakuna kichwa.

"Bado dakika tano tu, ausi," alisema Mpolokeng, mpiga ngoma, akimgusa Nthatisi kwa kiwiko. "Atupe kidogo basi. Tumekuja mpirani au msibani?"

Nthatisi aliangalia saa. Akamwangalia Kananelo. Akaanzisha.

"Kaa, Kananelo, kaa!"

Uwanja ukaitikia: "Kaa, hapa ni kwenu, kaa!"

Kananelo akainua macho mara moja kuelekea ngazi ya tatu, akatabasamu, akageuza mgongo, akaukalia mpira. Akakunja mikono kifuani kama mzee anayengoja chai. Kelele zilizopigwa hapo hazikuwahi kupigwa kwa bao lolote mwaka ule. Wazee walitupa kofia. Hata beki wa kushoto wa Masedi, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda, alisimama anapiga makofi.

Beki wa wageni hakuduwaa. Alikuwa mtu mzito, mwenye upara, na yaelekea kwao hawana desturi hiyo. Alinyoosha mguu, akauchokonoa mpira kwa ncha ya kiatu, na Kananelo akaanguka chali. Refa akapunga mkono mchezo uendelee. Pasi moja ndefu, pasi ya pili ikapita mahali ambapo beki wa kushoto alitakiwa awepo, na ya tatu ikawa wavuni.

Sare, bao moja kwa moja. Ikaisha hivyo hivyo.

Watu wa Letlotlong hawakutoka mara moja. Walikaa wakiuangalia uwanja kama mtu anayeangalia mahali alipoacha baiskeli. Kisha simu zikaanza kuita, na habari ikapita ngazi hadi ngazi: Umkhathi, waliokuwa wa nne, wameshinda kwao. Sasa Umkhathi wana pointi hamsini na moja na Masedi hamsini. Imebaki mechi moja. Masedi, ambao hata kwa tofauti ya mabao wamezidiwa, lazima washinde ugenini, na Umkhathi wasishinde. Hesabu hiyo hata mtoto aliielewa, ndiyo maana iliuma.

"Mjinga yule!" mtu alipiga kelele. "Anakaa! Kwani hapa ni sebuleni?"

Nthatisi aligeuka kumtazama. Ni mtu yule yule aliyetupa kofia.

Kesho yake, baada ya ibada, tawi lilikutana ukumbi wa kanisa, kama inavyofanyika kila baada ya mechi ya nyumbani. Kocha, Ntate Mabitle (ntate ni baba, kwa heshima), huja mwenyewe, hukaa kiti cha mbele, na mashabiki humuuliza wanachotaka. Kananelo pia alikuwepo. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na mama yake pembeni yake, mkoba mapajani.

Mwenyekiti, Ntate Seutloali, alivaa miwani. "Tawi limekaa, tawi limekubaliana," alisoma. "Yule kijana Jumamosi asicheze. Simtaji jina."

"Mtaje, ntate, tunamwona pale!" mtu akasema, na watu wakacheka bila furaha.

"Akicheza, hatupandi basi la kwenda ugenini. Nakala ya barua kwa mwenye timu."

Kocha alijikuna kidevu. "Nikimtoa yeye, pembeni nampanga nani?"

"Mpange yeyote anayejua kusimama," alisema mama mmoja.

Makofi yakapigwa. Nthatisi hakupiga. Usiku kucha alikuwa amewasikiliza watu redioni wakimtukana kijana yule, na hakuna hata mmoja aliyeutaja wimbo. Alikuwa akingoja mtu autaje. Redioni hawakuutaja, na hapa ukumbini pia ilielekea hautatajwa. Na bila Kananelo hapakuwa na krosi, bila krosi hapakuwa na bao ugenini, na hayo watu wote mle ndani waliyajua, ila siku hiyo walitaka kwanza kupoza moyo.

Akasimama.

"Ntate mwenyekiti, wimbo niliuanzisha mimi."

"Wimbo gani tena, ausi?"

"Wa kumwambia akae. Nilitazama saa, nikaona bado dakika tano, nikauanzisha. Kama mnaandika barua, andikeni na mimi."

Mpolokeng akainama, akashughulika na kamba ya kiatu.

"Lakini ausi, wimbo haufungi bao," alisema Ntate Seutloali.

"Na hautufungishi pia? Tulimwambia akae, akakaa. Nyie wazee wangu mlitupa kofia. Abuti Lefa, kaka yangu, yako mpaka sasa iko juu ya paa la choo cha uwanja."

Hapo watu wakacheka kweli, na Lefa akajigusa kichwa. Kocha hakucheka. Aligeuka kwenye kiti chake hadi akamwona kijana mlangoni.

"Kananelo. Jumamosi nikikupanga, utakaa?"

Mama yake alimpiga kidogo gotini. Kananelo akavua kofia.

"Sitaki kukaa, ntate," alisema. "Wengine wakiimba naweza kujizuia. Lakini ausi Nthatisi akianza..." Akatafuta neno, hakulipata, akaonyesha miguu yake. "Hii inamsikia yeye kabla yangu. Tangu nikiwa mdogo. Nisamehe, ausi."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa Nthatisi, na alielewa papo hapo itamgharimu nini. Kocha naye alielewa, ila alikuwa na adabu, akaangalia dirisha.

"Mchezaji ni wangu," alisema hatimaye. "Nampanga ninavyotaka. Sauti si yangu. Siwezi kumwambia mtu asisafiri na timu yake."

Miaka kumi na moja Nthatisi hakuwahi kukosa mechi. Alikwenda na homa, alikwenda wiki aliyozikwa shangazi yake. Na hii ndiyo ingeweza kuwa ya mwisho kabla timu haijapelekwa pwani.

"Sisafiri," alisema. "Mpange."

Akaketi. Ntate Seutloali akakunja ile barua mara nne na kuitia mfukoni, akauliza kama kuna mengineyo. Hakukuwa na mengineyo.

Wiki ile alimfundisha Mpolokeng nyimbo za kuanzisha, na dakika zake. Alichagua zile za polepole, ambazo hata mtu akizisikia hawezi kucheza dansi. Mpolokeng alilalamika kwamba nusu yake ni za mazishi. "Basi waimbe za mazishi," Nthatisi alimjibu, "mradi awe amesimama."

Basi likaondoka Jumamosi alfajiri. Mchana redio ilitangaza mechi nyingine, ya timu kubwa, kwa hiyo akaizima, akakaa kwenye cherehani na simu karibu. Mapumziko ilikuwa bila bila. Dakika ya sabini na nane simu ikaita.

"Moja bila, ausi!" Mpolokeng alikuwa anapaza sauti ashinde kelele. "Krosi ya Kananelo, kichwa, ndani! Na sasa hivi kapata mpira pembeni, unajua kafanya nini? Kamrudishia kipa. Kipa, ausi! Watu huku wanasonya."

"Wasonye."

"Inachosha, nakwambia. Kama kutazama foleni ya benki."

"Umkhathi je?"

"Hakuna anayejua. Mmoja anasema sare, mwingine anasema wanaongoza. Mtandao huku mbovu." Kisha akashusha sauti. "Wananilazimisha niuanzishe. Ule."

"Usithubutu."

"Sijathubutu! Nimeanzisha wa mazishi."

Nthatisi aliwasikia nyuma ya sauti ya Mpolokeng, wanauburuta, wamechelewa nusu pigo, upande wa wanaume umepotea kabisa. Angeweza kuwarudisha kwenye mstari kwa neno moja simuni.

"Rudi kwenye ngoma," alisema, akakata.

Zilibaki dakika kumi na mbili na za nyongeza, na ya Umkhathi haikujulikana. Akaiweka simu juu ya meza, kioo juu, akavuta mkono wa shati la mtoto wa darasa la pili, akaendelea kushona.