Plasta ya Bi Karatasi

Kwenye pembe ya chini ya skrini ya kompyuta ya Bi Karatasi, mwenye duka la kuchapa, palibandikwa kipande cha plasta, na kila mteja aliyeuliza aliambiwa kioo kina ufa. Uongo mtupu. Chini ya plasta kulikuwa na tarehe. Mpwa wake alimwekea programu ya kumtakia heri kila siku ya kuzaliwa, nayo iliutaja umri wake bila haya, wateja wakiwa dukani. Bi Karatasi alipoona hamsini inapiga hodi, aliurudisha nyuma mwaka wa kompyuta. Siku hiyo ilipofika tena akaurudisha tena, na tena, na tena. Kompyuta ikabaki na arobaini na tisa yake, naye akabaki nayo hiyo hiyo.

Sasa alikuwa na mchumba, seremala mgane, ambaye pia aliambiwa arobaini na tisa. Harusi ilikuwa mlangoni na kadi za mwaliko hazijachapwa: printa ya zamani ilikata roho baada ya kutoa kadi moja tu ya mfano, na programu ya printa mpya ilikataa katakata kuingia.

Seremala alikaa kwenye benchi, kadi ya mfano kaishika mbali kama vile itamng'ata. "Safi kabisa," alisema. "Sina la kuongeza."

Fundi Waya, mtengenezaji kompyuta wa mtaa, alikuwa amezima na kuwasha, amebadili waya, amefuta programu na kuanza upya. Kila mara mstari wa kupakia programu ulijaa kwenye skrini mpaka karibu na mwisho, kisha: Imeshindikana.

"Mashine yako ina ubishi, shangazi."

"Shangazi yako yuko kwenu. Fanya kazi."

Basi fundi akausoma ujumbe, jambo ambalo mafundi hulifanya wakishaishiwa na mengine yote. "Inasema cheti cha programu hakijaanza kutumika. Yaani kimetolewa mwaka ambao mashine hii haijaufikia. Hebu tuone tarehe. Hapa pana kidonda?"

"Usiguse. Kioo kina ufa."

"Ufa hautibiwi kwa plasta, shangazi." Akaibandua.

Moyo wa Bi Karatasi ukashuka hadi kwenye kandambili. Akimfukuza fundi, kadi hakuna. Akimwacha, huenda hata harusi isiwepo. Kabla hajaamua, fundi alishaweka mwaka wa kweli. Programu ya printa ikaingia bila kinyongo. Halafu ile ya mpwa ikazinduka, ikaanza kulipa malimbikizo ya salamu: Hongera kwa kutimiza miaka hamsini. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu.

Fundi aliinama chini ya meza kutafuta waya ambao haukupotea.

Seremala akainua shingo, akakunja uso kuelekea kwenye skrini. "Naona mambo yanakwenda."

Bi Karatasi akamtazama, akaitazama na kadi. "Imeandika nini?"

"Si mambo yenu hayo ya kompyuta."

Njia ilikuwa nyeupe: anyamaze tu, siri ilale. Lakini plasta ataibandika mpaka lini, na wapi kwingine?

"Vaa miwani, mwenzangu."

"Miwani gani?"

"Hiyo iliyotunisha mfuko."

Seremala akaitoa polepole, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akasoma salamu zote nne, midomo ikicheza. Akashusha pumzi.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa nawaza nitamwezaje msichana wa arobaini na tisa."

"Na wewe unayo mingapi?"

"Tuchape kadi kwanza."

Kwa kuwa miwani ilishakaa puani, akaichukua tena ile kadi ya mfano, ambayo mwaka wake wa harusi ulijazwa na kompyuta yenyewe. Akaisoma mara mbili.

"Mwenzangu, kwa mujibu wa kadi hii tuna miaka minne kwenye ndoa. Chakula changu cha mchana kiko wapi?"