Gari Lenye Pindo

Ukimtafuta mjukuu wangu asubuhi, usihangaike kugonga mlango wake. Nenda uwanjani, inama, uangalie chini ya vyuma. Utaziona buti mbili zimechungulia, basi ndiye huyo. Mimi huzisalimia zile buti, nazo huniitikia, "Shikamoo, Bibi," kwa sauti ya mtu aliyebana bolti kwa meno.

Tunamwita Cheche. Jina lake lingine liko kwenye vyeti, na huko litulie. Ni fundi wa kuchomelea. Mchana hutengeneza mageti ya watu kwenye karakana, hayo ndiyo yanayomlisha, lakini moyo wake uko kwa lile dude la uwanjani kwangu. Nasema dude kwa heshima zote. Lilianza maisha yake likiwa pikapu ya mwanangu Godoro, mjomba wake Cheche. Godoro anauza magodoro, na Mungu anisamehe maana nimemzaa mwenyewe, amefanana na bidhaa yake: juu laini, ndani springi. Pikapu ilipomfia aliileta kwangu, kama watoto wanavyomletea mama kila walichovunja. Cheche akaiomba. Akaivua bodi yote, akakata chesisi, uti wa mgongo wa gari, katikati, akaifupisha, akaiunga tena. Mahali pa paa akajenga kizimba cha mabomba. Viti vimetoka kwenye basi dogo bovu, na kimoja kimechorwa moyo kwa kalamu na abiria aliyekuwa na safari ndefu.

Ni gari la kupanda mawe. Siyo la barabara.

"Mke mwenzangu," nilimwambia siku alipoanza, "watu wananunua gari ili wakwepe mawe. Wewe unatengeneza gari ili uyafuate?"

"Bibi, barabara ni kazi ya mtu mwingine. Ukifika kwenye jiwe ndiyo unajua kama gari lako ni gari."

Sikuelewa, lakini nilipenda alivyosema.

Sasa, Jumapili moja Godoro alikuja na futi yake ya kuvuta, akaanza kupima uwanja kuanzia kwenye cherehani yangu hapo barazani mpaka ukutani. Anavuta, anasoma, anavuta.

"Unampimia nani jeneza?" nikamuuliza.

"Stoo, Mama. Mvua zinakuja, na magodoro yangu hayana pa kulala."

"Magodoro yakose pa kulala! Hiyo mpya."

Buti zilitikisika, Cheche akatoka chini ya gari, uso umepakwa grisi mpaka kwenye kope. "Na gari langu, Mjomba?"

"Gari? Hili?" Godoro aliligonga kwa kiatu, taratibu, kama mtu anayeamsha mlevi. "Mtoto wa dada yangu, mimi nakupenda. Lakini mwaka mzima naona moshi na kelele, sijaona likienda zaidi ya pale kwenye kamba ya nguo. Hebu tuelewane. Ule mlima wa nyuma ya tanuri la matofali, unaujua? Jumamosi panda nalo mpaka juu, watu wakiona. Ukifika, uwanja huu siugusi tena, na gari ni lako. Ukikwama, Jumatatu wanunuzi wa vyuma chakavu wanalibeba na mimi nashusha matofali ya stoo."

Uwanja ni wangu. Ningeweza kumfukuza na futi yake. Nilishafungua mdomo, Cheche akanitazama. Kuna mtazamo wa mtu anayekwambia usinibebe, nitatembea. Nikaufunga mdomo wangu, jambo ambalo majirani wanaweza kukwambia halitokei mara nyingi.

"Jumamosi," alisema Cheche.

Kesho yake alipotoka kazini alilipeleka dude kwenye tuta dogo la kokoto lililo nyuma ya nyumba, alijaribu tu. Gurudumu la mbele liligusa tuta, nikasikia *kwaa!* kama sufuria iliyoangushwa na mtu mwenye hasira. Gari likasimama, gurudumu limegeuka nje, limekaa kama mguu wa bata.

Nikaenda kuangalia. Alinionyesha, maana huyu mtoto hawezi kuona kitu bila kukueleza. Gurudumu la mbele linashikwa na mikono. Ndivyo wanavyoita, mikono, na kweli ni kama mikono: inanyanyuka gurudumu likipanda jiwe, inashuka likiingia shimo. Mikono nayo inashikwa na vibamba vya chuma vilivyochomelewa kwenye chesisi, vimetoboka katikati, bolti inapita. Hivyo wanaviita masikio.

"Kumbe gari lina mikono na masikio," nikasema. "Limebakiza mdomo tu, lianze kuniomba chai."

"Masikio ndiyo yamekunjika, Bibi. Bamba jembamba. Na bamba nene sipati kabla ya Jumamosi, nimeuliza kila mahali. Hili hili ndilo nililonalo." Akapitisha kidole kwenye kile kibamba kilichojikunja kama ukurasa wa kitabu cha mtoto mvivu. "Nitakata mapya. Na mikono nairefusha kidogo. Lakini yakikunjika tena kule juu..."

Alianza na mikono. Alikata mabomba kwa grinda, akapeleka vipande kwa mkereza, rafiki wa marehemu mume wangu, mwenye mashine ya kukereza vyuma kando ya kinu cha unga. Niliongozana naye, kwa sababu yule mzee ana stuli nzuri na maneno mazuri zaidi.

"Shemeji," aliniambia, "huyu mke mwenzio ananitesa. Jana nimemkerezea bushi, hivi vibomba vidogo vinavyokaa kwenye maungio. Safi kabisa, inang'aa. Kaichukua, katia kidole ndani, kafumba macho, kaniambia, 'Babu, imebana upande mmoja.' Nikamwambia wewe, mimi nimeanza kazi hii mama yako akiwa na meno ya utoto! Nikapima ili nimwaibishe."

"Ikawaje?"

"Imebana upande mmoja." Akacheka mpaka akashika mashine. "Unywele! Unywele mmoja tu, Shemeji! Nimeikereza upya. Mtu wa hivyo ukimpa kazi mbovu, hulali."

Cheche hakusikia sifa hizo. Alikuwa ameinama kwenye mwanga wa dirisha, anazungusha bushi kidoleni kama bibi harusi anayejaribu pete.

Zikabaki siku chache, na masikio hayajakatwa. Alichukua boksi tupu la biskuti, akalikata vipande, akaanza kuchonga mifano. Hapo ndipo nilipojiona ndani yake. Amekulia miguuni pa cherehani yangu huyo. Kabla hajajua kusoma alijua kukata karatasi ya gauni. Anaweka kipande cha boksi kwenye chesisi, anachungulia, anatoa, ananyoa kwa wembe, anarudisha, mpaka kikae pale kama kola shingoni. Watu wengine wangekadiria kwa jicho wakakata. Yeye aliendelea kunyoa boksi mpaka giza likamfukuza.

Siku ya pili akalaza mifano juu ya bamba, akachora kwa chaki yangu ya kushonea, akawasha grinda. Nilisimamisha cherehani niangalie. Cheche akikata chuma hasukumi. Anaiacha mashine itafune yenyewe, mkono umetulia, cheche zinaruka nyuma yake kama mchele anaopepeta mtu asiye na haraka. Alipomaliza akapiga tupa kingo zote, akaenda kujaribisha kwenye chesisi.

Akalitoa, akaligeuza, akalirudisha.

Akajaribu sikio la pili. Nalo akaligeuza.

"Bibi," akaita, "njoo uniambie kama nimerogwa."

Masikio yote yalikuwa makubwa. Yamezidi pande zote, upana wa kidole. Nikayatazama, nikatazama bamba lililobaki na mistari ya chaki, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

"Mke mwenzangu, umeacha nafasi ya pindo!"

Alikuwa amechora kama nilivyomfundisha. Mstari wa kwanza unafuata mfano. Mstari wa pili nje yake, wa pindo. Na mkasi unafuata wa nje. Mkono ulikumbuka gauni, ukasahau chuma.

Bahati mbaya ikamleta Godoro saa hiyo hiyo, na alipoelezwa akapiga paja. "Umelishonea gari sketi! Jamani! Lini unaliwekea vifungo?"

"Mwache mwenzako," nikamwambia, ingawa machozi ya kicheko yalikuwa bado mashavuni, na hilo lilinipunguzia heshima.

Cheche alichukua grinda. Kuipunguza ile ziada ilikuwa kazi ndogo, na kidole kilikuwa tayari kwenye swichi. Mara akaiweka chini. Akanijia, akapiga goti, akashika upindo wa gauni langu. Akaufikicha kwa vidole. Akashika kitambaa juu yake, akakikunja, kikakunjika. Akarudi kwenye pindo, akalikunja, likagoma kidogo.

"Bibi, hapa mbona pagumu?"

"Kimekunjwa juu ya mwenzake, kitakosaje kuwa kigumu?"

"Nguo ile ile. Uzi ule ule."

"Ile ile."

Akaniangalia kama nimemfungulia mlango, wakati mimi nilikuwa nimekaa tu. Akayakusanya masikio yote akayatia kwenye mfuko, akaondoka mbio kwenda kwa mkereza. Godoro akaniuliza, "Amekasirika?"

"Amekwenda kupiga mapindo," nikasema, nikaingiza uzi kwenye sindano kama vile jambo hilo hutokea kila wiki.

Nilipomfuata nilikuta wamebana sikio kwenye jiriwa, lile koleo kubwa la mezani, ziada imejitokeza juu. Cheche anaipasha kwa moto mpaka iwe nyekundu, halafu nyundo, hatua kwa hatua, mpaka ukingo wote unalala upande. Kwenye ukingo ulionyooka ilikwenda kama siagi. Kwenye kona ya mviringo chuma kikaanza kujikunyata.

"Hapo chanja kwanza," nikasema kutoka kwenye stuli. "Kona haipindwi bila kuchanjwa. Nimekupiga vidole mara ngapi kwa hilo?"

"Nyingi," alisema, akachukua msumeno. Akachanja, akapinda, halafu akaziba michanjo kwa kuchomelea, mshono mdogo, mapovu yamepangana kama shanga. Mkereza alichukua sikio moja, akalibana, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, na si mtu mdogo. Sikio halikujali.

"Bamba lile lile?" akauliza.

"Lile lile, Babu."

Mzee alilishika kwa muda, akampa kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu kitu chake.

Jumamosi watu wa tanuri waliacha matofali wakaja kutazama. Ule mlima chini ni kokoto, katikati kuna ngazi ya mwamba ya kufika kiunoni, halafu jiwe tupu mpaka juu. Pikipiki hazijaribu. Godoro alivaa shati la kwendea harusi. Cheche akajifunga mkanda, akaingiza gia ndogo, akaenda polepole, polepole kabisa, mpaka vijana wakaanza kumzomea wakidhani gari limechoka. Mimi nilikuwa naangalia mikono. Mmoja unapanda, mwenzake unashuka, gurudumu linatambaa juu ya jiwe kama kiganja kinachopapasa gizani, na juu yake yeye amekaa wima, hata kichwa hakitikisiki. Nimeona watu wakicheza ngoma vizuri. Sijaona chuma kikicheza namna ile.

Kwenye ngazi ya mwamba gurudumu la kulia likabaki hewani. Injini ikakohoa, ikazima.

"Basi," alisema Godoro, chini chini. Nilimtazama. Hakuwa na furaha usoni.

Cheche akavuta breki, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akachuchumaa, akaangalia masikio. Akaangalia mwamba, akaupapasa. Akatoa lile jiwe, akapanda, akaliachia gari lirudi nyuma kidogo, akageuza usukani kuelekea mahali ambapo ngazi ni ndefu zaidi.

"Anakwenda wapi huyu? Huko ndiko kubaya!" alisema Godoro.

Huko kulikuwa kubaya lakini jiwe lilikuwa linakwaruza, na tairi linataka pa kushika. Injini ikanguruma, magurudumu ya mbele yakapanda juu ya ukingo, uzito wote ukaanguka mbele. Nilisikia chuma kikilia. Nilifumba macho, sioni haya kusema. Nilipofumbua, mkia wa gari ulikuwa unapita juu ya mwamba, na kelele za watu wa tanuri zilikuwa zimefunika injini. Hakusimama mpaka akaishiwa na mlima.

Godoro alipanda mbio na viatu vya mjini. Mimi na mkereza tulizunguka kwa njia ya mbuzi, kwa heshima ya magoti yetu. Tulipofika tulimkuta Cheche ameingiza mkono mpaka begani nyuma ya gurudumu la mbele, na mjomba wake amesimama pembeni, anahema.

"Cheche, umenisikia? Uwanja ni wako. Nasema mbele ya watu hawa. Magodoro nitajua pa kuyapeleka."

"Asante, Mjomba. Una simu? Niwashie tochi."

Akawasha.

"Huku ndani. Karibu zaidi. Mbona unatikisika?"

Mwanangu akapiga magoti kwenye jiwe, na suruali yake ya harusi. "Kuna nini?"

"Ufa, mwembamba kama uzi. Unauona? Kwenye mchomeo, hapa kwenye kona. Hapa nilifanya haraka."

"Limevunjika?"

"Bado. Nitashuka polepole. Nikifika nyumbani nakata, naanza upya."

"Lakini limepanda!"

"Limepanda, ndiyo," alisema Cheche, kama mtu anayekubali kwamba jana kulikuwa na jua, na akazidi kuchungulia.

Godoro akanitazama mimi, akamtazama mkereza, mkereza akatazama mawingu. Mwanga wa simu ulitulia.

"Hivi," mwanangu akauliza, na sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeingia nyumba ya watu, "hili sikio, kazi yake hasa ni nini?"

Nikatafuta jiwe la kukalia. Cheche akiulizwa swali la namna hiyo, chai hupoa.