Kikongwe Kwenye Mlima wa Ukaguzi

Kila foleni iliposogea, mawe nayo yalisogea. Mlima wa kwenda kituo cha ukaguzi wa magari ni mkali, na magari yaliyopangana pale tangu alfajiri yalikuwa na ugonjwa mmoja: breki za mkono za mapambo. Geti likimeza gari moja huko juu, huku chini watu wanaruka nje, wanang'oa mawe chini ya tairi, magari yanajikongoja hatua sita, kisha mawe yanarudishwa mbio mbio kabla chuma hakijakumbuka kwamba nyuma ni bondeni.

Pikapu moja tu haikuwa na jiwe. Ilikuwa kuukuu, rangi ya maziwa, boneti lake refu kama pua ya mtu anayependa habari za watu. Mwenye nayo, fundi cherehani wa hospitali, alikuwa amevuta breki ya mkono mara moja, krrr, akakunja mikono. Kando yake aliketi shangazi yake, mkoba mapajani, kama abiria aliyelipa nauli ya kiti cha mbele.

"Dada! Weka jiwe wewe!" akapaza sauti dereva wa lori dogo la mchanga lililokuwa nyuma yao. "Hicho kikongwe chako kikiniangukia nitamdai nani?"

"Kikongwe ndilo jina lake," shangazi akamjibu kupitia dirishani, "na hajawahi kumwangukia mwanamume yeyote. Wewe angalia lako lisitangulie kurudi nyumbani!"

Foleni nzima ikacheka. Dereva naye akacheka, lakini mpakiaji wake, mzee mwenye mvi, akaongeza jiwe la pili kimya kimya.

Zamani Kikongwe alikuwa akibeba mashuka ya hospitali. Alipochoka walimsukuma nyuma ya chumba cha kufulia, akakaa miaka tisa, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mwisho wakamuuza kwa bei ya chuma chakavu, na mnunuzi akawa fundi wa chumba cha kushona, ambaye kila mchana alikuwa akila chakula chake ameegemea mlango wa gari lile. Wenzake wakasema amechanganyikiwa. Akawajibu kwamba mtu ana redio yake, mwingine ana mdomo wake, yeye ana pikapu.

Kwa miaka miwili, kila Jumapili, alilala chini ya Kikongwe juu ya katoni. Alijifunza kwa kuuliza, kwa kubahatisha, na kwa kitabu cha maelekezo kilichopoteza kurasa thelathini za katikati. Mtu wa cherehani haogopi chuma. Alijua kitu kikilegea huku, sababu huenda iko kule. Na nati ikigoma aliipaka mafuta ya taa akangoja hadi Jumapili nyingine, badala ya kuitukana kama wanavyofanya gereji. Viti alivishona upya kwa turubai, mshono mara mbili.

Breki ndizo zilizomtoa jasho. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja chini na spana, mwingine juu akikanyaga pedali. Fundi hakuwa na mtu wa pili ila shangazi, dada ya marehemu baba yake, aliyekuja siku hiyo kusalimia tu akajikuta amevuliwa viatu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, mwanangu, fanya haraka, goti hili si la serikali!"

Jumapili tatu zikaenda hivyo, gurudumu kwa gurudumu, na mafuta ya breki yakipanda bei kati ya chupa na chupa. Jumapili ya tatu pedali ikagoma kuzama, ngumu, safi. Tangu siku hiyo shangazi alilizungumzia goti lake sokoni na misibani kama mtu aliyerudi vitani.

Sasa tangazo lilikuwa limetoka. Kuanzia kesho, gari lisilo na stika mpya ya ukaguzi likikutwa barabarani linavutwa. Wote mlimani pale walikuja kutafuta stika. Fundi naye aliitaka, asiitake kwa nini? Ila kulikuwa na kitu kingine alichokitaka zaidi, na hakuwa amemwambia hata shangazi. Alitaka mtu mwenye ujuzi, mwenye koti la kazi, alale chini ya Kikongwe, atazame, aseme: hapa pamefanyika kazi.

Zamu yao ilifika saa tano. Waliegesha ndani ya ua, wakaenda dirishani. Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, koti la bluu limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Bila kuinua macho alisoma kadi ya gari, akagonga mhuri, akasukuma stika.

"Anayefuata."

"Bado hujaliona gari," Fundi akasema.

"Nimeliona."

"Liko nyuma ya ukuta."

"Mama, stika hiyo hapo."

Fundi akaikunjua risiti yake. "Hapa nimelipishwa ada ya shimo na ada ya mashine ya breki. Naomba shimo langu na mashine yangu."

Shimo la kukagulia gari kwa chini lilikuwepo. Lilikuwa limejaa viti vibovu vya ofisi. Mashine ya kupimia breki nayo ilikuwepo, imefunikwa turubai, juu yake birika na vikombe vitano.

"Imekufa," mkaguzi akasema. "Tumeandika barua makao makuu, mwaka wa pili huu tunangoja kipuri. Kwani mama, una shida gani? Watu wanalilia stika, wewe unalilia ukaguzi?"

"Nimelipia ukaguzi."

Nje honi zikaanza. Dereva wa mchanga, ambaye sasa alikuwa wa kwanza getini, akachomoza kichwa. "Mama, unatuzingua bwana! Chukua karatasi twende, wengine tunatafuta riziki!"

Shangazi akalisogelea dirisha hadi pua ikagusa kioo. "Bwana mkaguzi, mimi nina miaka sitini na minane. Goti langu limekanyaga breki ile mpaka likavimba. Hata mbuzi wa mnadani hufunguliwa mdomo akaangaliwa meno. Huyu wetu mnampitisha kama barua?"

Macho ya mkaguzi yakashukia mikono ya Fundi iliyokuwa juu ya risiti: ncha za vidole zina alama za sindano, na kucha zina ule weusi wa grisi usioisha kwa sabuni. Akaitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama kadi. Kisha akamsogezea mhuri karani aliyeketi kando yake, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa fomu moja ndefu na kuipuliza vumbi.

"Haya. Mmejitakia."

Uani kulikuwa na mteremko unaoshukia getini. Akamwambia Fundi asimame katikati yake, pua ya gari ikitazama nje, avute breki ya mkono, atoe gia, azime, atoe miguu. Kikongwe akatulia. Mkaguzi akazunguka nyuma akamsukuma kwa bega. Akasukuma tena, kwa mabega yote mawili. Ni kama kusukuma nyumba.

Ndipo akafanya jambo ambalo karani, tangu aajiriwe, hakuwahi kuliona. Alivua koti, akaomba katoni, akaingia chini. Zikabaki nje soli za viatu vyake, zimelika upande mmoja.

"Nani alilikunja hili bomba la nyuma?" sauti ikauliza.

"Mimi."

"Kwa kutumia nini?"

"Mguu wa cherehani kuukuu."

Soli zikasogea kidogo. "Na hizi nati zina alama za rangi."

"Nikiona alama imehama, najua nati imelegea."

"Aliyenifundisha kazi alikuwa akifanya hivi," sauti ikasema polepole. "Nilishasahau."

Alipotoka alikuwa na grisi shavuni na hakuifuta. Akaandika kwenye fomu akiwa amesimama, fomu juu ya boneti, kwa mwandiko mkubwa wa mtu anayejali. Fundi alisoma kichwa chini miguu juu. *Usukani: mzima. Mabomba ya breki: yamefungwa vizuri, hayavuji. Breki ya mkono: inashika mlimani, injini imezimwa.* Akairudia mistari hiyo tangu mwanzo, neno kwa neno. Shangazi, ambaye hakuwa na miwani, akamfinya mkono. "Ameandika goti?"

Kalamu ikasimama.

"Kisanduku cha tisa," mkaguzi akasema. "Namba za mashine."

"Si imekufa?"

"Imekufa."

"Basi andika imekufa."

"Haiandikwi. Fomu isiyo na namba kisanduku cha tisa haipati mhuri. Na pasipo mhuri hakuna stika. Ndiyo kanuni."

"Lakini pale dirishani ulikuwa unanipa."

"Pale sikuwa nimekagua." Akakohoa, akatazama viatu vyake. "Gari lisilokaguliwa halina fomu. Lisipokuwa na fomu halina kisanduku, linapita. Lako sasa limekaguliwa."

Shangazi akalifikiria neno hilo kwa zamu, jicho moja kwanza, kisha la pili. "Kwa hiyo bovu linapita kwa kuwa hamkulitazama, na hili zima linakwama kwa kuwa mmelitazama?"

"Mama, tafadhali, usiseme kwa sauti."

Kupitia dirishani karani alikuwa ameshampa dereva wa mchanga stika yake. Lori lenyewe lilikuwa bado nje ya geti, na mawe yake mawili.

"Tufanye hivi," mkaguzi akasema. Aliishika fomu kwa vidole vya mikono miwili, tayari. "Naichana hii. Sijalala chini, sijaona kitu. Unachukua stika, kesho unaendesha gari lako kwa raha zako. Ni zuri. Haki ya Mungu ni zuri."

Fundi akaitazama stika: duara la kijani linalong'aa, sawa na la kila mtu. Akautazama mwandiko.

"Usichane."

"Watalivuta, mama."

"Watalivuta wakilikuta barabarani. Mimi nina ua. Miaka tisa alikaa bila kutembea, na hakuna aliyejua kama ana uzima. Sasa anakaa nikijua. Tia sahihi."

"Sahihi bila mhuri haina nguvu."

"Tia hivyo hivyo, na cheo chako chini."

Akatia, herufi zote, bila kukatiza hata moja. "Tangu mashine ife," akasema akimkabidhi, "hii ndiyo ya kwanza."

Fundi akaichomeka fomu kwenye kona ya kioo cha mbele, pale stika inapokaa.

Getini mlinzi akainua mkono. "Stika?"

"Hatuna," shangazi akasema, kana kwamba ameulizwa kama wana chawa.

"Basi hapa haliwashwi. Amri. Gari lisilo na stika haliwashwi kutoka nje."

"Haliwashwi," Fundi akakubali. Akachomoa ufunguo, akampa shangazi, naye akautia mkobani. Kikongwe ni wa enzi ambazo breki haikuomba msaada wa injini: mguu wa mtu, mafuta, na chuma, basi. Akaachia breki ya mkono. Tairi zikaanza kuzunguka zenyewe. Mlinzi akazipekua amri zote alizokuwa nazo kichwani, hakukuta hata moja ya gari linaloteremka kimya.

Wakashuka kando ya foleni, gari kwa gari, jiwe kwa jiwe. Fundi alikanyaga kwa ncha ya mguu kama anavyokanyaga cherehani kwenye kitambaa chepesi: bonyeza, achia, bonyeza. Ilisikika sauti ya tairi tu. Watu waligeuka. Mmoja akavua kofia, bila shaka kwa utani, kisha akabaki nayo mkononi. Shangazi aliwapungia wote, kushoto na kulia. Chini kabisa, kwenye tambarare mbele ya daraja, Kikongwe alisimama juu ya mstari mweupe kama sindano inayoshuka palepale palipochorwa chaki.

Walikuwa hawajateremka bado waliposikia gia ya kwanza ikilia mlimani. Lile lori la mchanga lilikuwa linakuja, stika ya kijani ikimeta kwenye kioo, na mpakiaji mzee amesimama kwenye ngazi ya mlango, amekumbatia jiwe kama mtoto mchanga. Akaruka, akalitupa mbele ya tairi. Lori likalipanda, likalivuka. Akachukua la barabarani, akatupa tena. Lori likapanda, likayumba, likarudi nyuma kidogo, likasimama. Kati yake na Kikongwe palikuwa na nafasi ya mkono mmoja.

Dereva akashuka. Utani wote ulikuwa umebaki mlimani. Akaitazama stika yake, akaitazama ile karatasi kwenye kioo cha Kikongwe.

"Dada," akasema, kisha akajisahihisha. "Fundi. Pedali inazama mpaka chini."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

Mzee mpakiaji alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, akihema. Fundi akamtazama yeye, si dereva. Kisha akavuta kutoka nyuma ya kiti katoni, spana namba kumi, na chupa ya mafuta ya breki iliyobaki nusu.

"Tafuta mawe mengine manne, makubwa," akamwambia dereva. "Ukishaweka yote, niite."

Shangazi alikuwa ameshavua viatu. Akavipanga vizuri kwenye kiti cha Kikongwe, akashikwa mkono na dereva akipanda kwenye lori, akakaa nyuma ya usukani na kulivuta gauni lake magotini. Mbele ya macho yake, kwenye kioo, maandishi ya stika yalionekana kwa nyuma, kinyumenyume. Hakujisumbua kuyasoma.

"Kanyaga!" sauti ikatoka chini.

"Nimekanyaga!" shangazi akajibu, na hadi getini walimsikia.