Boksi Kando ya Moto

Kama kuna siku mchanjaji alitamani kufunguliwa mbwa wamfukuze, ni hiyo. Alikuwa amepanda milima siku mbili, boksi la chanjo begani, na kila nyumba aliyoikaribia alikaribishwa hata kabla ya kupiga hodi. Kule juu hakuna nyumba ya wageni. Mtu wa zahanati hulala kwa watu, hula kwa watu, na akiondoka huacha shukrani. Yeye miezi miwili nyuma aliacha na jambo jingine, nalo ndilo lililomrudisha.

"Daktari!" Bibi aliita kutoka uani. Udaktari wenyewe ulikuwa wa koti tu, lakini huko anayeshika sindano ni daktari, bishana wewe. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Methali hiyo ilimchoma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko chini hawakupikii?"

Akamketisha kwenye kigoda kilekile, kando ya moto uleule. Mkwewe, Mama Pacha, alimletea chai, pacha mmoja mgongoni, mwingine akitambaa hadi kwenye kiatu cha mgeni na kuanza kuvuta kamba. Watoto walikuwa wamenawiri. Mchanjaji alishindwa kuwatazama.

Kisa chenyewe ni hiki. Safari ile baridi ilikuwa ya kukata maini, na Bibi alimwachia kitanda chake na blanketi lake la pekee. Asubuhi mchanjaji alikuta boksi limesogezwa kando ya moto, kifuniko kimelegezwa, limevishwa kanga.

"Nimeligusa nikakuta baridi kama maiti," Bibi alimwambia kwa fahari. "Nikasema dawa za mgeni zisife kwa baridi kwangu."

Barafu yote ilikuwa maji. Kila kichupa cha chanjo ile ya surua kina kidoa kinachogeuka cheusi dawa ikipata joto, na vidoa vyote vilikuwa vyeusi. Dawa ya namna hiyo humwagwa.

Angeweza kusema. Lakini nje akina mama walishapanga foleni na watoto wao, na Bibi anatabasamu. Akaona haya kumwaibisha mbele ya majirani. Ndivyo alivyojiambia, naye alijua ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba kurudi chini ni siku mbili, na miguu yake ilikuwa malengelenge matupu. Akawadunga watoto kumi na mmoja, akianza na pacha. Wakalia, wakabembelezwa, kadi zikajazwa.

Sasa surua ilikuwa imesikika ng'ambo ya bonde. Njia nzima alikuja akiutunga uongo, akaupiga msasa mpaka ukang'aa: atasema ni dozi ya pili, adunge, ashuke zake.

"Bila shaka umeleta ile ya pili," Mama Pacha akasema, akimrahisishia. Mchanjaji alishafungua mdomo aitikie. "Na umekuja siku nzuri. Shoga yangu wa ng'ambo anakuja jioni na mwanawe, ana surua. Kule kila mtu kamfungia mlango. Nikamwambia njoo ulale kwangu, wangu wamechanjwa."

Mchanjaji akaweka kikombe chini. Sindano ya leo isingewakinga pacha jioni ya leo. Inataka wiki mbili hivi.

"Hawajachanjwa," akasema.

"Nani?"

"Wanao. Na wale wengine. Dawa niliyowadunga ilikuwa imeharibika, na nilijua."

Mama Pacha aliinama, akamnyanyua mtoto kutoka kwenye kiatu cha mgeni.

"Iliharibikaje?" Bibi akauliza.

"Sikulifunga boksi vizuri."

Bibi alilitazama boksi, akautazama moto. Alikuwa mzee, si mjinga.

"Mimi ndiye niliyelisogeza."

"Hukujua, Bibi. Mimi nilijua."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mwanangu."

Mama Pacha akadakia. "Dunga hawa. Halafu nyumba zote zile utapita mwenyewe, useme kwa mdomo wako. Na shoga yangu? Yuko njiani na mtoto anawaka homa. Nani atamwambia hana pa kulala?"

"Nitampokea njiani. Nitambeba mtoto mpaka zahanati."

"Siku mbili hizo."

"Najua."

Akawadunga pacha. Walipolia, hakuna aliyemwambia asante, naye akashukuru kwa hilo. Aligeuka kurudisha kichupa, boksi halipo.

Alilikuta nje, kwenye jiwe chini ya kivuli cha paa, upande unaopigwa na upepo. Bibi alikuwa ameketi kando yake juu ya ardhi tupu, kifuniko amekibana kwa viganja viwili. Shali alikuwa ameiacha ndani, labda kwa kuogopa hata joto la shali.

"Ingia ndani, Bibi. Utaugua."

Hakuinuka. Alimtazama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Hapa panalifaa?" akauliza. "Niambie, mwanangu. Safari hii niambie."

"Panafaa, Bibi," akasema, kisha akakaa chini kando yake.