Bakteria Waliopewa Hewa

Maabara ya kiwanda cha maziwa ilikuwa chini ya ghorofa, haina hata dirisha, na mwanamke mmoja, mtaalamu wa chachu, alikuwa amefanya kazi humo miaka mitatu. Binti yake wa miaka minne alikuwa akilelewa na dada mkubwa wa mtaalamu huyo, mwendo wa siku nzima kutoka hapo. Kila alipoomba uhamisho kwenda tawi la huko, meneja alimjibu kwa upole ule ule: amalize kwanza tatizo la unga.

Unga wenyewe ulikuwa chachu ya kugandishia maziwa, yaani bakteria waliokaushwa wakatiwa kwenye pakiti. Wakikaa ghalani wiki tatu, zaidi ya nusu wanakufa, na wateja wanalalamika kwamba maziwa hayagandi. Pale kiwandani wote waliamini kwamba bakteria hao na hewa hawaivi chungu kimoja, kwa hiyo waliwakuza kwenye chupa zilizojazwa hadi shingoni na kufungwa ndi.

Alijaribu kuwapa hewa kwa kuzijaza chupa nusu tu na kuzitikisa. Wakadumaa, wakafa haraka kuliko mwanzo, maana hewa iliwafanya wajitengenezee sumu. Mpimaji mwenzake akamtania kwamba sasa anasimamia makaburi.

Hakuacha. Katika kusoma kwake aligundua kwamba baadhi yao wanaweza kuitumia hewa, ila wamepungukiwa kitu kimoja wasichoweza kujitengenezea: ile rangi nyekundu ya damu, ambayo huwasaidia viumbe kuitumia hewa. Akaiagiza, akatia chembe tu, akatikisa tena. Safari hii bakteria waliongezeka karibu mara mbili ya kawaida. Akawakausha, akawaweka ghalani. Wiki ya sita alirudia kipimo mara tatu, maana hakuyaamini macho yake. Karibu wote walikuwa hai.

Meneja alimpongeza, akamshika mkono kwa mikono miwili. Yeye akatoa barua ya kuomba uhamisho, akaiweka mezani.

Meneja hakuigusa. "Dada yangu, nani mwingine hapa anaijua kazi hii?"

"Nitamfundisha mtu."

"Mfundishe. Mwaka mmoja, miwili, tutaona."

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali, labda mwanamke huyo angepata pa kumshikia.

Jioni alimpigia dada yake, akamweleza yote bila kulia. Dada akampa mtoto simu.

"Shikamoo, mama mdogo," mtoto akasema.

Dada akadakia, akamwambia mtoto kwamba huyo ndiye mama yake hasa. Mtoto akauliza kwa nini.

"Mwache tu, dada," yeye akasema. "Marahaba, mwanangu."

Kesho yake alifika kazini kabla ya wote. Akachukua daftari, akaanza kuandika kila hatua, kuanzia kipimo cha rangi hadi kasi ya mashine ya kutikisa, kwa herufi kubwa ambazo hata mgeni wa kazi angezifuata. Alikuwa ukurasa wa tatu meneja alipochungulia mlangoni, akauliza kama wiki hiyo wanaweza kupata chupa arobaini badala ya ishirini.

Akasema zitapatikana. Akafunika daftari, akavaa koti la maabara, akawasha mashine.