Paka Aliyetanguliza Mkia

Dunia ilimpa Bibi Tega kigoda kizuri, mjukuu mzuri na magoti mabaya. Kigoda alikikalia, mjukuu alimlea, na magoti aliyatukana kila asubuhi kabla hajapiga mswaki.

Jina la Bibi Tega alipewa na watoto wa majirani, kwa sababu hakuna aliyepita mlangoni pake bila kutegewa kitendawili. Aliyekuja kuomba chumvi alitegewa. Msoma mita za umeme alitegewa, akashindwa, akatoa mji, akaenda zake anacheka, mita hakuisoma. Na kitendawili kina adabu yake. Mtegaji anauliza, wenzake wanabahatisha, wakishindwa anawadai mji. Wakishampa, hata uwe mji wa sukari usiokuwepo duniani, hana budi kufunua jibu. Mtu anayekula mji na kumeza jibu, Bibi Tega alisema, ni mwizi, tena mwizi wa kujichekesha.

Mjukuu wake aliitwa Chiriku, maana alianza kusema akiwa mdogo mno na hajanyamaza mpaka leo. Kazi yake ilikuwa kuuza vitu visivyo vyake kwa watu asiowajua. Alipiga picha za sufuria, viatu au mafuta ya kupaka, akaziweka kwenye ukurasa wake mtandaoni, na chini yake akaweka linki. Mtu akibonyeza linki ile akanunua, kampuni ilimpa Chiriku kamisheni.

"Kumbe udalali," alisema Bibi Tega siku alipoelezwa.

"Si udalali, Bibi. Ni masoko ya kidijitali."

"Dalali akivaa tai anaacha kuwa dalali?"

Wakacheka, kwa sababu ndivyo walivyoishi wale wawili katika vyumba vyao viwili: huyu akirusha neno, yule analidaka.

Asubuhi moja Chiriku akiwa ametoka kununua mkate, sauti ilisikika kabla mwenye sauti hajafika mlangoni.

"Hodi, mwanamwali!"

"Karibu. Mwanamwali yupi tena? Humu tupo mimi na paka."

Aliyeingia ni Fundi Pindo, mama mshonaji wa chumba cha kona, rafiki wa Bibi Tega tangu wote wawili wana meno kamili. Aliingia anachechemea. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na miaka ya kukanyaga ilikuwa imeyala magoti yake. Mtaalamu wa mazoezi pale kliniki alikuwa amemwonya: aje kila wiki anyooshwe, goti litalainika, akiacha, litakaza, na mguu usiokunjika haukanyagi cherehani. Naye alikuwa anakwenda, huku ananung'unika, na kidogo kidogo goti lilianza kusikia.

"Usijifiche," alisema, akikaa. "Siri yako nimeijua." Akatoa kwenye mfuko kikopo chenye kifuniko cha kijani. "Na mimi nimenunua."

"Nini hicho?"

"Anauliza! Mafuta ya magoti, yale yale yako. Unapona kimyakimya, mwenzio nachechemea kama meza mbovu, mpaka nione kwa simu?"

Akamwekea simu mbele ya macho. Bibi Tega akajiona. Alikuwa amevaa gauni la buluu, lile alilolishona Fundi Pindo mwenyewe, amekaa kwenye kigoda. Halafu, bila kushika meza, bila kushika ukuta, bila kumwita mama yake marehemu, akainuka. Aliinuka taratibu, wima, huku anatabasamu, kama unga ulioumuka vizuri. Chini paliandikwa: *Bibi yangu na mafuta haya. Bonyeza linki upate yako.*

Nisiseme uongo: mwanzoni Bibi Tega aliona raha. Mwili hupenda kusifiwa hata kwa jambo usilolifanya.

"Hebu rudia," alisema.

Safari hii akaona kingine. Nyuma ya kigoda alipita paka wao, yule mvivu mwenye sikio lililochanika. Alipita ametanguliza mkia, kichwa kikifuata, kinyumenyume, bila wasiwasi, kama gari linalotolewa uani.

Bibi Tega akakumbuka. Siku ile Chiriku alimwambia, "Bibi, umependeza, hebu kaa hapo nikuchukue video." Akakaa. Kukaa anaweza, maana kushuka uzito wako unakusaidia, ila kupanda ni wewe na magoti yako. Alishuka huku anatabasamu mpaka chini. Kuinuka aliinuliwa baadaye, na Chiriku na meza, simu ikiwa imeshawekwa pembeni. Basi mtoto ameichukua video ile akaigeuza, mwisho ukawa mwanzo.

"Na kliniki ndiyo basi," Fundi Pindo aliendelea. "Kesho ni siku yangu, lakini ya nini? Nyanyua mguu, shusha mguu, mimi bendera? Nimepaka jana, nimepaka leo, nasikia moto mzuri humo ndani."

Bibi Tega akafungua mdomo. Upande mmoja aliyaona magoti ya rafiki yake, upande wa pili akauona uso wa mjukuu wake mtaa mzima ukimnyooshea kidole. Akasema nusu.

"Hata pilipili ina moto, ndugu yangu. Kliniki usiache."

"Mchoyo wewe! Unataka kupona peke yako!" Fundi Pindo akaondoka anacheka na kuchechemea, na ile nusu iliyobaki ikamkaa Bibi Tega kooni kama mwiba wa samaki.

Chiriku aliporudi na mkate alimkuta kwenye kigoda, mikono magotini.

"Mke mwenzangu," alisema Bibi, kwa utani wa bibi na mjukuu, "njoo ukae."

"Sauti hiyo ya asali ina kesi ndani."

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina paka atembeaye ametanguliza mkia."

"Kaa wa baharini!"

"Kaa anakwenda ubavu, na wala si paka."

"Basi jongoo, maana mkia na kichwa havijulikani." Chiriku akacheka, akamtazama paka aliyelala mlangoni, na kicheko kikafa mdomoni. "Bibi. Umeiona."

"Nimeiona. Fundi Pindo naye ameiona, akanunua. Ila mgonjwa wa magoti hatazami paka."

Chiriku akaweka mkate mezani. "Lakini mimi sikusema umepona. Soma mwenyewe: Bibi yangu na mafuta haya. Wewe si bibi yangu? Mafuta si haya? Mengine watu wamejaza wenyewe."

"Na paka naye amejirudisha mwenyewe?"

"Kila mtu anafanya hivyo! Yule wa sufuria zisizounguza hata yai hajui kukaanga. Ukisema ukweli mtupu habonyezi mtu. Tena wewe, Bibi, kutwa unawafichia watu maneno. Mbona huo hauitwi uongo?"

Bibi Tega akapiga makofi. "Hapo umenibana! Umenibana pazuri." Alifurahi kweli, kama mtu aliyefundisha mtoto mieleka kisha akaangushwa naye. Akafikiri kidogo, akisugua goti.

"Lakini mimi nikificha, mtu anajua nimeficha. Namwambia kabisa, kitendawili, naye kwa hiari yake anasema tega. Na akinipa mji, namfunulia. Watu wako hawajui kama wametegewa. Mji wamekupa, tena mji wa fedha zao. Jibu unalo tumboni."

Chiriku akanyamaza. Bibi Tega aliliona hilo kama muujiza, akaliacha lipite taratibu.

"Kampuni wataniondolea linki," Chiriku alisema hatimaye, sauti imepungua. "Na ndiyo inayouza kuliko zote. Nilitaka nikununulie kile kiti chenye mikono, Bibi. Uwe unainuka bila kunishika mimi."

"Nani kakuambia sitaki kukushika?"

Chiriku akainamisha kichwa. Bibi akamvuta sikio, si kwa nguvu, akaacha mkono wake palepale shavuni.

"Kesho Fundi Pindo haendi kliniki kwa sababu ya magoti yangu ya simuni. Goti lake likikaza, atashonea nini? Mji ameshatoa. Twende tukamfunulie. Na mimi nitaanza, maana asubuhi nilikuwa na ulimi nikaukalia."

Wakatoka. Chumba cha kona hakikuwa mbali, lakini kwa mwendo wa Bibi Tega kila pahali ni safari. Walimkuta Fundi Pindo amezungukwa na vipande vya vitambaa, futi ya kupimia shingoni, chaki sikioni, pasi ya moto pembeni. Cherehani ilikuwa inakwenda kwa kusitasita. Kila alipokanyaga, uso wake ulikunjamana, kisha anaukunjua haraka.

"Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Daktari wetu!"

Neno hilo lilimchoma Chiriku kuliko tusi. Bibi Tega akaketi kwenye benchi la wateja, akasema, "Asubuhi nilikuficha jambo, ndugu yangu. Magoti yangu ni yale yale uyajuayo." Chiriku akamalizia. Alieleza kila kitu mfululizo, hakuvuta pumzi: video alivyoigeuza, kamisheni anayopata kila mtu akinunua, na kwamba mafuta yale hupasha joto ngozi tu, ndivyo ilivyoandikwa kwenye kikopo, kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Fundi Pindo akaomba simu. Akaitazama video, na safari hii akamtazama paka. Akaitazama tena. Akairudisha simu, akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Maduka yana mafuta mangapi?" alisema bila kuinua macho. "Yamejaa. Sijawahi kununua hata moja. Mimi sikununua mafuta, mwanangu. Nilinunua magoti ya huyu." Akamgeukia rafiki yake. "Nawe ukakaa pale unanitazama."

"Nilikutazama."

"Nakuita mwanamwali."

"Hilo nalo nililipenda, ndiyo aibu yangu."

Fundi Pindo alitaka kubaki amekasirika. Alijitahidi, alibana midomo, alishika mkasi. Lakini pembe moja ya mdomo ilimsaliti. "Mwanamwali mwenyewe ana jino moja la kutafunia," alisema, na machozi yake na kicheko chake vikatoka pamoja, visijulikane kipi kimetangulia.

Chiriku peke yake hakucheka. Alifuta uso kwa kiganja, akaisimamisha simu juu ya robota la vitambaa. "Bibi, inuka. Inuka kama unavyoinuka."

Bibi Tega akainuka. Alishika benchi, akashika ukuta, akasema "Eeh, mama yangu!", akarudi chini, akaanza upya, na mwishowe akamshika Fundi Pindo, nusura waanguke wote. Chiriku akaingia kwenye picha, akasema: "Huyu ndiye bibi yangu, na hivi ndivyo anavyoinuka. Video ya kwanza niliigeuza, mtazameni paka. Mafuta hayajamponya, na hata hajawahi kuyapaka. Ukinunua kwa linki yangu mimi hulipwa, na sikuwaambia. Kama una dawa au mazoezi ya kliniki, usiyaache kwa ajili yangu. Nisameheni."

Ile ya zamani akaifuta, hii akaiweka. Pasi haijapoa, kampuni wakaiondoa linki yake. Waliomtukana walikuwa wengi, na kuna aliyemwita tapeli kwa herufi kubwa tupu. Mwanamke mmoja aliandika kwamba na yeye mama yake alikuwa ameacha dawa, kesho anamrudisha hospitali. Ujumbe huo Chiriku aliusoma mara nyingi, kisha akamsomea Bibi.

"Fedha yako nitakurudishia, Mama Fundi," alisema. "Nipe muda tu."

"Utairudisha, ndiyo. Lakini bado." Fundi Pindo akachomoa chaki sikioni, akamnyooshea. "Mji wenu mliula, na jibu mmelitoa mkiwa mmechelewa. Sasa na mimi nadai mji."

"Chukua mji wa sukari," akadakia Bibi Tega.

"Nyamaza, kikongwe, sijakuuliza wewe. Mimi nataka miguu." Akamtazama Chiriku. "Kesho naenda kliniki. Nikitoka kule magoti yangu yanataka kupumzika, na nguo za watu hazitaki kupumzika. Wewe utakanyaga, mimi nitaongoza kitambaa. Mpaka goti langu lilainike."

"Hata mwaka," alisema Chiriku.

"Usiniombee mwaka, mwanangu!"

Kesho yake, Fundi Pindo alipotoka kliniki, waliketi wawili kwenye cherehani moja. Chiriku alikuwa kwenye kanyagio, Fundi Pindo ubavuni, mguu ameunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaunyanyua na kuushusha kama alivyofundishwa. Bibi Tega alikaa benchini anakunja mapindo. Chiriku akakanyaga kwa bidii yake yote. Gurudumu likazunguka upande usio wake, uzi ukajisokota, ukakatika.

"Mbele!" Fundi Pindo akapiga kelele. "Mbele, mtoto wewe! Hii si simu yako. Ukiirudisha nyuma, inakata uzi!"

Bibi Tega akacheka mpaka akateleza kwenye benchi, akakaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, na kutoka huko chini akashindwa kuinuka. Chiriku akaruka kutoka kwenye cherehani akamshika huku, Fundi Pindo akajikokota akamshika kule.

"Polepole," alisema Bibi Tega, akiwashika wote wawili kwa nguvu. "Eeh, mama yangu. Polepole tu."