Vidonge vya Basma

Siku ya pili baada ya kurudi kutoka Brussels, Basma aliweka kichupa cha vidonge mezani, kati ya sahani ya maandazi na birika la chai, akamwambia mama yake kwamba utotoni hakuwa mtundu wala hakuwa na kichaa.

"Ni ugonjwa, Mama. Akili yangu haikai pahali pamoja. Dokta alinipima, miaka mine sasa. Kwa Kifaransa wanaita TDAH. Mutu anazaliwa nayo."

Mama alikishika kichupa, akakigeuzageuza, kisha akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtandio ukimteleza begani, akilitaja kila kofi alilompiga mtoto yule: la vikombe vya wageni, la kupanda paa la jirani, na fimbo za madrasa ambazo yeye mwenyewe alimwomba mwalimu azidishe. "Nisamehe, mwanangu. Wallahi sikujua."

Thuwaiba, dada mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkebe wa sukari. Alikuwa amekwenda jikoni kuleta maziwa.

Alichokisikia kilikuwa wivu, na wivu huo haukuwa mgeni kwake. Alimwonea Basma wivu mwaka wa 1996, mdogo wake alipopanda ndege kwenda kusoma na yeye akabaki mtaani kwao Ngagara, katika mji ambao watu walijifunza kulala sakafuni risasi zinapoanza. Alizionea wivu picha za theluji. Aliionea wivu sauti ya Basma kwenye simu, sauti ya mtu aliyelala usingizi mzima. Wivu huo wote alikuwa ameuzoea. Wa asubuhi ile ulikuwa mwingine. Alimwonea mdogo wake wivu kwa kusamehewa.

Maana Thuwaiba naye alikuwa na makosa yake, ila hayakuwa na kelele. Tangu mdogo alikuwa mtoto wa kukaa kimya dirishani huku wali ukiungua nyuma yake. Shuleni hakuvunja kitu. Alisahau tu daftari, akasahau mtihani ni siku gani, akasoma ukurasa mmoja mara sita bila kuona kilichoandikwa. Hakupigwa sana. Aliambiwa ni mvivu, na alipokua akaambiwa hana moyo wa nyumba.

Kisha akaolewa na Tamim, fundi wa saa, mwanamume mpole. Ilikuwa miaka ya amri ya kutotoka nje, ambapo mtu aliyekutwa barabarani giza limeingia angeweza asirudi tena. Jioni moja Thuwaiba alikwenda kwa rafiki kuazima kielelezo cha gauni. Akakaa, akachora, akasahau kuwa kuna saa duniani. Tamim alitoka kumtafuta. Kwenye kizuizi askari walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka goti likavunjika. Goti halikupona sawasawa, na talaka ikaja kabla ya mwaka kwisha. "Mtu anayekupenda hawezi kukusahau namna ile," Tamim alimwambia, bila hasira. Thuwaiba alimpenda, na alikuwa amemsahau.

Akarudi kwa mama yake na cherehani. Chumba chake kilijaa nguo zilizokatwa na kutoshonwa. Gauni la harusi la Chanelle, msichana wa nyumba ya tatu, lilikuwa limening'inia bila mikono tangu Ramadhani, na sasa ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa 2003.

Siku zilizofuata, nyumba nzima ilimzunguka Basma. Akivunja glasi, Mama alicheka. Akisahau funguo kwa mjomba Nasser, Mama alisema, "Si yeye, ni ugonjwa." Alhamisi Thuwaiba alisahau kuzima jiko la mkaa na sufuria ikatoboka. Mama aliitazama sufuria, akamtazama yeye.

"Na we, na umri huo," alisema.

Kesho yake Basma alikwenda kusalimia shangazi. Mkoba wake aliuacha wazi kitandani. Thuwaiba aliingia, akachukua vidonge vinne, akavifunga kwenye kitambaa. Kimoja alikimeza palepale kwa mate, kama mwizi anayekula alichoiba kabla hajakamatwa.

Kwa muda hakusikia kitu. Alikaa kwenye cherehani kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa. Akachukua mkono wa kwanza wa gauni la Chanelle, akauweka mahali pake, akashona. Akachukua wa pili. Mwavita, mwanamke aliyewasaidia kazi za nyumba, alipita akauliza kama atakula; alijibu kwamba atakula baadaye, na ajabu ni kwamba baada ya kujibu mkono wake ulirudi palepale ulipokuwa. Kichwani mwake siku zote kulikuwa na watu wengi wanaoongea kwa pamoja, mmoja juu ya bei ya uzi, mmoja juu ya goti la Tamim, mmoja akiimba. Sasa walikuwa wamekaa chini. Adhana ya alasiri ilipoita, gauni lilikuwa limekwisha, hadi lulu za shingoni.

Thuwaiba alilitazama akalia, na hakulia kwa furaha. "Kumbe hivi ndivyo anavyoamka," alijiambia. "Miaka mine. Kila asubuhi." Alitamani Basma asingerudi kabisa.

Jumamosi Basma alivihesabu vidonge vyake. Alikuwa ameleta vya siku zake tu, wala mjini hapakuwa na pa kupata vingine. Akamwita mama yake. Mama hakufikiri mara mbili.

"Ni Mwavita. Nani mwingine anaingia vyumbani?"

"Mi sikugusa, Mama," Mwavita alisema. "Ningevifanyia nini? Sijui hata ni vya nini."

"Vya Ulaya, unajua vinauzwa."

Thuwaiba alikuwa pale, kitambaa chenye vidonge vitatu kikiwa mfukoni mwake. Alikisukuma ndani zaidi. Alimwona Mwavita akivua aproni, akiikunja vizuri, akiiweka juu ya kiti, akienda zake nyumbani Buterere kwa miguu. Miaka tisa mwanamke yule alikuwa nao, hata siku ambazo kutoka Buterere kulimlazimu kupita penye maiti.

Usiku hakulala, na asubuhi hakumeza kidonge. Alikiweka kitambaa mezani, pale pale Basma alipoweka kichupa.

"Ni mimi," alisema.

Basma alivitazama vidonge, halafu akamtazama. "We, yaya?" Hivyo ndivyo wadogo wa mji ule wanavyowaita dada zao wakubwa. "Kwa nini? Ungeniomba."

"Nikuombe! Nikuombe nini? Kila kitu unacho. Ndege ulipanda we. Vita vilibaki kwangu. Sasa umekuja na karatasi, Mama analia, umesafishwa kama mutoto aliyezaliwa jana. Mi nimesahau jiko, ni mvivu. Mi nimesahau saa, nimepoteza mume, ni mutu bila moyo. Kichwa ni kile kile, Basma! Kichwa ni kile kile na chako, ila changu hakipandi mapaa!"

Mama alisema, "Thuwaiba, adabu." Hakuna aliyemsikia.

"Unanionea mimi wivu?" Basma naye alikuwa amesimama, uso umemwiva. "Mi niliyepigwa mbele ya watu, nikionyeshwa we? 'Tazama dada yako alivyotulia.' Kila siku ya Mungu. Nilikuchukia, yaya. Nilikwenda Ulaya ili nisitazamwe pamoja na we."

Kila mmoja akamtazama mwenzake kama mtu wa mtaa mwingine. Mwishowe Basma alivaa viatu. "Tuanze na Mwavita," alisema.

Nyumba ya Mwavita ilikuwa ukingoni mwa mashamba ya mpunga, mafuriko ya masika yakiwa yameacha mstari wa tope ukutani. Thuwaiba aliomba msamaha akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kukaa. Mwavita alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwa pale, dada," alisema. "Ulinitazama nikikunja aproni."

"Nilikutazama."

"Nitarudi Jumatatu, kwa sababu watoto wanakula. Lakini usiniambie ulisahau kusema."

"Apana. Hilo sikulisahau."

Jumatano ndipo walipompeleka Thuwaiba kupimwa kwa dokta Pontien, ambaye Basma alielekezwa kwake na mtu anayemfahamu. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na barazani kwake walikaa watu walioletwa na vita: mzee aliyeziba masikio muda wote, mama aliyerudia jina moja polepole. Thuwaiba aliona aibu. Kwenda pale kwa sababu ya wali kuungua! Aliinuka mara mbili kuondoka. Mara mbili Mama, aliyekuja akiwa amenuna, alimvuta nguo.

Dokta alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliposikia habari ya vidonge alimkaripia kwanza. "Dawa ya mutu mwingine haimezwi. Moyo wako umepimwa? Na usidhani kushona siku moja ni ushahidi, dada. Dawa hiyo inaweza kumkazisha mutu yeyote kwenye kazi." Kisha akamgeukia Mama. "Vita vinatawanya akili za watu, nusu ya mji huu inasahau. Kwa hiyo sitaki ya juzi. Niambie ya kabla ya vita, kabla ya tisini na tatu. Akiwa na miaka saba alikuwaje?"

Mama alijibu kwa ufupi, kisha kwa urefu. Alisema alikuwa akimtuma chumvi, mtoto akarudi saa mbili baadaye bila chumvi, akiwa ameshika jani. Alisema alimwita mara tano, mpaka akampeleka kupimwa masikio, na masikio yalikuwa mazima. Alisema mwalimu aliandika kwenye ripoti, miaka sita mfululizo, kwamba mwili tu ndio uko darasani. Kadiri alivyosema, sauti yake ilipungua, na mwisho alikuwa anaongea akiutazama mkoba wake.

Walirudi mara mbili zaidi, na dokta akamjazisha maswali kurasa nne. Mara ya tatu alisema, "Ndiyo. Unayo. Ni ile ya kimya, ambayo watu hawaioni, na kwa wasichana hawaioni zaidi." Dawa hakuwa nayo. Alimpa njia za kuishi: kazi moja mezani na nyingine kabatini, saa ya kengele kiunoni, na mtu wa kukaa karibu naye anaposhona, hata kama mtu huyo anachambua mchele tu.

Njiani kurudi Thuwaiba alimngoja Mama alie. Alingoja mpaka nyumbani. Mama hakulia. Machozi yake labda yalikuwa yamekwisha kwa Basma, au aliona haya kulia mara mbili kwa jambo moja. Jioni alimletea Thuwaiba chai chumbani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaketi juu ya lundo la vitambaa.

"Lile goti la Tamim," alisema. "Nilikulaumu mbele ya watu wake."

"Ndiyo, Mama."

"Mm," alisema Mama, akabaki pale mpaka kikombe kikaisha.

Basma aliondoka mwishoni mwa mwezi wa sita. Kwenye uwanja wa ndege dada wawili walikumbatiana kwa nguvu, na Thuwaiba, uso ukiwa begani mwa mdogo wake, alijua kwamba wivu bado upo. Ndege ilikuwa ya yule, na vidonge vilikuwa vya yule. Wiki chache baadaye makombora yalianguka mjini na yeye akalala sakafuni tena, akamwonea Basma wivu usiku kucha.

Lakini alishona. Alasiri Mwavita alikaa chumbani mwake akichambua mchele, akiwa bado na kinyongo kidogo, bila kusema mengi. Thuwaiba alipoinua macho dirishani kwa muda mrefu, Mwavita alikohoa. Nguo moja ilimchukua wiki mbili. Ya pili ilimchukua mpaka mwezi wa kumi, maana aliipoteza, akaikuta ndani ya foronya. Ya tatu aliipeleka kwa mwenyewe siku aliyoahidi, kabla ya adhuhuri, na mwenyewe hakuwepo nyumbani, kwa sababu hakuna aliyetegemea kwamba angekuja.